Besi usiku, na jirani amelala

*Ukurasa wa maswali ya vyombo vya muziki. Anayejibu, ambaye wasomaji humwita Yaya (yaani mkubwa wetu), ni mpiga besi wa Lubumbashi, miaka 26 ya kwaya, arusi na matanga.*

Yaya, salamu. Mimi ni mpiga besi wa kwaya, nina miaka 24, ninaishi Katuba. Nimepanga chumba kimoja katika lupango (ua mmoja) yenye nyumba nne, na ukuta wangu ndio ukuta wa chumba cha Baba mwenye lupango. Mchana niko gereji. Narudi jioni, naoga, nakula bukari, na nikishika gita tayari ni saa tatu usiku. Nina ampli ndogo (kikuza sauti cha gita) ya wati 15. Hata nikiishusha mpaka karibu na sifuri, Baba anagonga ukutani. Juzi alikuja mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba mke wake ana mimba kubwa, hapati usingizi, na kwamba ule mngurumo unamwingia tumboni. Nilisikia haya sana. Tangu siku hiyo napiga gita bila kulichomeka popote. Sasa kiongozi wa kwaya ananilalamikia kwamba napiga kwa nguvu kupita kiasi, nyuzi zinagongagonga. Na umeme wenyewe unajua ulivyo, leo upo, kesho delestaji, wamekata kwa mgao. Kuna kijana hapa mjini, soko la mtaa wa Kenya, anauza kijiampli kidogo kama kiberiti: unakichomeka kwenye gita, unavaa kaske (hedifoni), basi. Je, kitu kidogo hivyo kinaweza kutoa besi ya kweli? Nichague vipi? Na sitauharibu mkono wangu kwa kuzoea kitu ambacho si ampli?
*Mpiga besi wa Katuba*

Mdogo wangu, asante kwa kunieleza habari za yule mama. Kijana anayeona haya kwa ajili ya usingizi wa jirani, mimi niko tayari kupiga naye muziki hata kesho. Jibu langu ni hili: nunua. Ila tafuta kaske nzuri kwanza, kijiampli kifuate, na ukishakipata kipige kwa sauti ndogo. Sababu zake zina urefu kidogo.

Uzi wako wa mi, ule mnene kuliko yote, ukiupiga wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo likienda hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba chako, kama ni vile vyumba vya lupango ninavyovijua, hakifiki hata mita 4 kila upande. Sauti nyembamba, kama ya gita la solo, ukuta huirudisha kwa sehemu kubwa. Sauti nzito huusukuma ukuta wenyewe, na mabati, na kioo cha dirisha, na upande wa pili ukuta unaanza kunguruma kwa niaba yako. Yule Baba hasikii wimbo wa kwaya. Anasikia mguno usio na mwanzo wala mwisho, na mguno wa namna hiyo unachosha kuliko kelele.

Halafu kuna mtego wa sikio. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti nzito zinapopigwa kwa sauti ndogo. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walilipima jambo hili mwaka 1933: ukishusha sauti ya muziki wote kwa pamoja, besi ndiyo inayotangulia kupotea. Kwa hiyo wewe unashusha ampli, hujisikii, unaongeza besi kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachomfikia mama kitandani. Usijilaumu. Ampli iliyokaa sakafuni katika chumba cha kupanga haiwezi kukutosha wewe na kumtosha jirani usiku uleule.

Kuhusu kupiga bila kuchomeka, kiongozi wako ana masikio mazuri. Gita la besi la umeme ni ubao mzima, halina tumbo la kukuza sauti kama gita kavu. Mmarekani Leo Fender alipoanza kuuza gita lake la besi, Precision Bass, mwaka 1951, sauti ilikusudiwa itoke kwenye sumaku zilizo chini ya nyuzi na kwenye ampli, ubao ubaki kimya. Ukimya huo ni bahati kwako, maana jirani hasikii kitu. Lakini hata wewe husikii, na kidole kisichosikia huongeza nguvu bila kukuuliza. Mimi nilipiga hivyo miezi mitatu, mwaka ampli yangu ilipoungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Niliporudi kwaya, kila noti ilikuwa na mlio wa chuma kugonga chuma, uzi ukirukia freti, vile vyuma vya shingo ya gita, kama mvua ya mawe kwenye bati. Kuiacha tabia hiyo kulinichukua muda mrefu kuliko hiyo miezi mitatu. Wewe acha leo.

Sasa kijiampli chenyewe. Besi isiyo na betri ndani yake hutoa umeme dhaifu mno, hauwezi kusukuma kaske. Ukichomeka kaske moja kwa moja kwenye gita utasikia kaunong'ono tu, na kwa sikio moja. Kijiampli kinaupokea umeme huo bila kuukaba, kinaukuza, kinaugawa masikio yote mawili. Hakuna uchawi mwingine. Vox wanatengeneza amPlug, na wana moja ya besi peke yake. Toleo lake la pili linakula betri mbili ndogo za AAA na linaweza kufika muda wa saa 17 hivi. Fender walitoa Mustang Micro mwaka 2021, hiyo unaichaji kwa waya wa USB, inakupa saa 6 hivi. Na vipo vingine vingi visivyo na jina kubwa vinavyotufikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, vingine vizuri, vingine vya kutupa. Kwa mtu wa delestaji mimi napenda cha betri za kununua, maana duka la kona halikatiki umeme. Mwenye sola au betri ya akiba ya simu, cha kuchaji kitamfaa zaidi na gharama ya kila mwezi itapungua.

Kinatoa besi ya kweli? Ndiyo, na huenda hujawahi kuisikia besi yako vizuri hivyo. Spika ndogo ya ampli yako haiwezi kuitoa ile 41 kamili. Inatoa mara mbili yake na mara tatu yake, na ubongo wako unaijaza ile ya chini kwa kukisia. Kaske iliyoziba sikio vizuri haina haja ya kusukuma hewa ya chumba kizima, inasukuma kile kijipande cha hewa kilicho kati yake na ngoma ya sikio, na hapo uzi wa mi unasimama wima.

Neno lenyewe ni "iliyoziba". Chukua kaske ya kufunika sikio lote, yenye mgongo uliofungwa. Ivae, piga uzi wa mi, kisha ibane kwa viganja viwili kuelekea kichwani. Besi ikiongezeka ghafla ulipobana, ujue inavuja, kaske hiyo haikai vizuri kichwani mwako, iache. Vile vidogo vya kutumbukiza sikioni vinaweza kufaa pia, mradi mpira wake ukuenee. Kijana akikuletea mpira wa ukubwa mmoja tu, mwombe mingine. Angalia pia namba ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye boksi: 32 mpaka 80 hivi, sawa. Zile za 250 zimetengenezewa vyombo vikubwa, kijiampli chako kitazinong'oneza tu.

Siku ya kununua, nenda na gita lako mwenyewe na kaske yako mwenyewe. Usikubali kujaribu kwa gita la solo alilolitundika pale, wala usinunue ndani ya boksi. Weka sauti sifuri, chomeka, vaa, kisha pandisha polepole. Usipige kitu kwanza. Sikiliza: kuna mvumo kama wa mafuta ya kukaangia? Kidogo ni kawaida, mwingi utakuudhi kila usiku. Kisha piga mi wazi kwa nguvu unayotumia kanisani. Sauti ikipasuka wakati geini (kitufe cha kukuza sauti) iko chini, hicho kimetengenezewa solo, mrudishie. Mwisho shika kijiampli, ukitikise taratibu kikiwa kwenye tundu la jeki. Sauti ikikatika na kurudi, waya wa ndani umelegea au jeki imechoka, na hakuna bei nzuri ya kitu kilicholegea.

Tundu la gita lako liko wapi? Kama liko ubavuni, ukikaa kitandani kijiampli kitagusa paja au godoro, na siku moja utakiinamia, utavunja tundu la gita, ambalo ni ghali kulirekebisha kuliko unavyodhani. Tafuta waya mfupi wa jeki kati yao, kijiampli kiingie mfukoni mwa shati. Mimi nafanya hivyo hata kwa gita ambalo tundu lake liko usoni.

Nikuambie sasa kilichonifanya nikipende chombo hiki, maana umeuliza kama kitauharibu mkono.

Usiku wa kwanza nilipokipata, umeme haukuwepo, mshumaa mezani, watoto wamelala, babula nje bado ina makaa mekundu. Nilivaa kaske, nikapiga mstari wa besi ambao nimeupiga kanisani mara nisizoweza kuhesabu. La, la, re, mi, re. Nikasimama. Nilipokuwa kwenye re, ile la ilikuwa bado inalia chini yake. Si kwa sauti kubwa, ilikuwa inaburuza kama mkia. Nikarudia, nikasikia tena. Miaka yote hiyo ngoma na kinanda vilikuwa vinanifunika, na mimi nilidhani napiga noti moja moja kumbe napiga mbili mbili. Nilikaa mpaka mshumaa ukaisha nikijifunza upya kukata.

Kupiga besi ni kupiga na kukata, na nusu ya pili ndiyo ngumu. Fanya hivi. Mkono wa kulia, dole gumba lisigande juu ya sumaku. Lilaze juu ya uzi wa mi unapopiga uzi wa la. Ukihamia nyuzi za re na sol, lishushe liguse mi na la kwa pamoja. Liwe kama paka anayemfuata mama yake. Mkono wa kushoto, ukitaka noti ife, usiinue kidole kikaenda hewani, legeza tu, kidole kibaki kimegusa uzi. Na kidole kimoja hakitoshi, kikikaa peke yake mahali pabaya uzi unatoa mlio mwembamba kama filimbi. Laza viwili au vitatu. Kisha hesabu nne polepole. Moja na mbili, noti ilie. Tatu na nne, kimya kabisa. Sikiliza ile tatu: noti inafungwa kama mlango uliotiwa mafuta, au inafungwa kwa "tup"? Ile "tup" ni kidole kinachorudi kwa pupa. Kwa ampli sakafuni hutaisikia. Kwa kaske huwezi kuikosa.

Sebene yetu, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, inaishi kwenye nafasi hizo. Mchezaji anacheza pale besi ilipoondoka, mguu wake unaingia kwenye pengo. Na hili hatukulianza sisi wa umeme. Hugh Tracey aliporekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, kijana yule alikuwa na gita kavu, dole gumba na kidole cha shahada. Gumba ndilo lililobeba besi. Hakuna spika wala ngoma nyuma yake, na bado mtu anacheza. Ukipata rekodi zake kwenye simu, zisikilize kwa kaske hiyohiyo, sahau kidole cha shahada, fuata gumba tu, uone linavyoacha.

Hatari ipo, nisikufiche. Kaske haikupi kifua. Kwenye ampli kubwa sauti inarudi kutoka ukutani, inakufika mwilini, inakuambia umezidi au umepungua. Kaske haijui habari za ukumbi. Kwa hiyo Jumamosi fika kanisani mapema, dakika kumi kabla ya wenzako, chomeka ampli ya pale na utafute sauti upya. Usilete namba za usiku kwa ampli ya mchana. Ukiwa chumbani, kitufe cha besi kiwe katikati na sauti za kati zipandishe kidogo, usikie mguso wa kidole; kanisani, kwa zege na mabati yale, huenda besi uishushe chini kuliko unavyopenda.

Na usipige peke yako kila siku. Vijiampli karibu vyote vina tundu la pili, la milimita 3.5, la kuleta wimbo kutoka kwa simu. Rekodi mazoezi ya kwaya kwa simu, hata kama sauti ni mbaya, uyapigie usiku. Wimbo uwe juu kidogo kuliko besi yako. Wengi wanageuza, wanajisikia wenyewe, wimbo unawafuata. Simu isiyo na tundu la 3.5 inahitaji kile kiunganishi cha USB, ni kitu kidogo, wanavyo mjini. Ila simu ikiwa kwenye chaja ya ukutani na imechomekwa kwa kijiampli, utasikia mlio mwembamba unaosumbua. Chaji kwanza, piga baadaye.

Machache ya haraka. Usiku ukimaliza chomoa jeki, kwa sababu besi yenye betri ya volti 9 ndani inaendelea kuila betri muda wote ambao waya umechomekwa. Usipopiga kwa wiki nzima, toa betri za kijiampli. Za bei ndogo zinavuja maji na kula chuma. Sauti ikianza kukwaruza bila sababu, badilisha betri kabla ya kumlaumu muuzaji. Na usichomeke kaske kwenye tundu la spika la ampli kubwa, hata kwa dakika moja, hata kwa sauti ndogo: tundu la spika ni la spika, na umeme wake unaweza kuunguza kaske na kuumiza masikio.

Bado mguu wako. Najua unahesabu kwa kisigino, sote tunafanya hivyo. Sakafu ya saruji inakipeleka kishindo hicho moja kwa moja chini ya kitanda cha jirani, na wewe ukiwa na kaske husikii unavyopiga ngoma. Vua viatu, kunja blanketi kuukuu mara nne, weka mguu juu yake. Kisha mwombe Baba akae chumbani kwake dakika tano wakati wewe unapiga, umuulize anasikia nini. Muulize kabla ya mtoto kuzaliwa.

Yaya, mimi ni mwanafunzi, nakaa Kampemba. Nina hedifoni za Bluetooth nilizoletewa zawadi, nzuri sana kwa muziki. Naweza kuziunganisha na kijiampli ili niepuke waya? Rafiki yangu anasema inawezekana, mimi nilipojaribu nilihisi kama mtu mwingine anapiga nyuma yangu.
*Mwanafunzi*

Ulihisi vizuri. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti, mara nyingi kati ya sehemu moja na tatu za kumi za sekunde. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika: pigo moja ni nusu sekunde. Ukilikata pigo hilo mara nne, kila kipande ni sekunde 0.125. Kwa hiyo unapiga, na sauti inakufikia kipande kizima baadaye, au viwili. Kwa kusikiliza nyimbo hilo halina shida, hakuna anayejua wimbo ulipaswa kuanza lini. Kwa kupiga, kidole kitaanza kukimbia mbele ili kuikuta sauti, na hiyo ni sumu kwa mpiga besi. Acha leoleo, usijizoeze.

Usichanganye na jambo lingine. Kuna vijiampli vyenye Bluetooth ya kupokea wimbo kutoka kwa simu, kama ile Mustang Micro. Hiyo ni sawa, wimbo ukichelewa wewe unaufuata tu. Kaske ndiyo iwe na waya. Zipo hedifoni zilizotengenezewa gita, zenye redio yake ya pekee isiyochelewa, Boss wanazo zinaitwa Waza-Air, lakini kwa bei yake unanunua gita lingine. Zawadi yako itumie kusikiliza wapiga besi wengine. Hata hilo ni zoezi.

Ndugu mwandishi, mimi si mwanamuziki. Mwanangu ana miaka 15, amepewa gita la besi na mjomba wake pamoja na kale kadude ka kuvaa masikioni. Nyumba ni kimya na namshukuru Mungu, lakini anakaa nako muda wa saa tatu kila usiku, nikimwita hajibu. Naogopa masikio yake yasiharibike. Nimnyang'anye?
*Mama wa Kamalondo*

Mama, heshima yako. Usimnyang'anye, tafadhali. Lakini hofu yako ina msingi na nitakujibu kama mtu aliyeumia. Sikio langu la kushoto linalia filimbi, mchana na usiku, tangu mwaka 2014. Nilisimama miaka mingi upande wa kulia wa mpiga ngoma, matoazi yakiwa kama hatua moja na sikio hilo, na hakuna aliyeniambia. Nikilala ubavu wa kulia, kushoto kunalia. Halina dawa ya kulirudisha lilivyokuwa.

Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa walitoa kipimo mwaka 2019: mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki, mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Kwa mtoto basi 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5. Saa tatu kila usiku ni 21 kwa wiki. Kwa hiyo muda wake si mbaya kama sauti iko chini. Sauti ikiwa juu, hata nusu ya muda huo ni mwingi. Na besi inadanganya, maana sauti nzito haichomi sikio kama toazi, mtoto anapandisha na kupandisha bila kuhisi.

Huna kipimo nyumbani, kwa hiyo tumia njia hii. Mwambie apige, kisha umwombe kaske uivae wewe huku anaendelea. Ukitaka kuivua mara moja, imezidi. Simama hatua mbili kutoka kwake, sema jina lake kwa sauti ya kawaida ya mezani. Anapaswa kusikia kwamba umesema kitu, hata kama hakuelewa neno. Asipogeuka kabisa, apunguze. Akivua kaske na kukuambia masikio yanalia au yameziba kama ametoka kwenye maji, hiyo siku imezidi, apumzike kesho yake nzima. Likirudi mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa masikio, usingoje.

Mfundishe pia utaratibu mmoja: sauti sifuri, chomeka jeki, vaa kaske, pandisha polepole. Wengi wanavaa kwanza na kuchomeka baadaye, na ule mlipuko wa jeki unapoingia unampiga sikio kabla hajagusa uzi. Akitaka kuchomoa, avue kwanza. Na kila baada ya dakika 40 hivi aache gita, anywe maji, akae na nyinyi kidogo.

Kisha Mama, umesema ukimwita hajibu. Usimwite kutoka jikoni. Ingia, mguse bega.